Mboga za Kujiotea: Jinsi Zilivyotoka Chunguni na Jinsi Zinavyorudi

Wiki iliyopita tulimaliza habari za chanjo. Leo tunaingia shambani, lakini si kutazama kilichopandwa. Tutazungumzia mboga za kujiotea: zile ambazo hakuna aliyetia mbegu, zinazochipuka mvua ikinyesha, na ambazo wengi wetu siku hizi tunazing'oa na kumtupia mbuzi.

Kwanza tuelewane kuhusu majina, maana hapa Kenya mboga moja ina majina kama mtoto wa koo tano. Ule ambao Kiswahili huuita mnavu, Wakikuyu husema managu, Waluo osuga, Wakisii rinagu na Waluhya lisutsa. Mgagani, au mwangani kama wasemavyo wenzetu wa Pwani, ni saget kwa Wakalenjin, chinsaga kwa Wakisii, akeyo kwa Waluo na tsisaka kwa Waluhya. Sokoni Nairobi tunasema sagaa tu na mambo yanaisha. Mchicha ni terere kwa Wakikuyu na ododo kwa Waluo. Mlenda ni mrenda kule magharibi na apoth kwa Waluo. Ongeza hapo mitoo, majani ya kunde, majani ya malenge, thabai inayowasha mikono, na mchunga wa Pwani ulio mchungu kweli kweli. Mwaka 1999 wataalamu watatu wa Makavazi ya Kitaifa, Patrick Maundu, Grace Ngugi na Christine Kabuye, walitoa kitabu kikubwa kuhusu mimea ya chakula ya Kenya. Mimea ambayo majani yake huliwa kama mboga katika nchi hii inapita aina 200. Jiulize wewe mama unazijua ngapi. Halafu muulize mama yako, na kama nyanya yako bado yu hai, muulize naye.

Sasa, mboga hizi zilitoka wapi? Jibu ni kwamba hazikutoka popote, zilikuwa hapa hapa, zikifuata nyayo za watu. Mnavu hupenda mahali palipofyekwa na kuchomwa kichaka. Sagaa huota vizuri kwenye samadi, na ndiyo maana ilijaa kwenye maboma ya ng'ombe na mahame, pale familia ilipohama. Mchicha huja wenyewe katikati ya mtama na wimbi. Kwa hiyo mwanamke aliyekuwa akipalilia hakung'oa kila kitu. Jembe lake lilichagua. Gugu lisilofaa liliondoka, na lile la kula liliachwa likue kidogo, kisha akalichuma jioni akirudi nyumbani. Palizi ilikuwa kazi mbili kwa mara moja: kusafisha shamba na kutafuta mboga. Msichana alijifunza akiwa mgongoni, halafu akiwa kando ya mama yake na kikapu kidogo. Hakuna darasa lililoandikwa popote.

Na kila jamii ilikuwa na mapishi yake. Wakisii walimpa chinsaga mama aliyejifungua, wakiamini inarudisha damu. Wakalenjin na Waluo walipika mboga chungu kwa maziwa au malai, wakaziacha chunguni na kuzipasha tena siku ya pili, hata ya tatu, mpaka uchungu uishe na ladha iingie. Waluhya walichanganya mrenda na kunde au mitoo, wakalainisha kwa munyu, yale maji ya majivu yaliyochujwa. Wakikuyu waliponda thabai au majani ya malenge ndani ya mukimo. Wamijikenda walichanganya majani matamu na mchunga, wakayapika kwa tui la nazi. Wakamba na watu wa Pwani walikausha kunde ili wawe na mboga wakati wa kiangazi. Tazama jinsi kila mahali palivyotafuta njia ya kushinda uchungu, na jinsi karibu kila mahali pameweka mafuta ndani ya mboga, yawe ya maziwa, samli au nazi. Nitarudi kwa jambo hilo la mafuta.

Mboga hizi zilikuwa pia ngao ya njaa. Kati ya 1898 na 1900 nchi hii ilipata njaa ambayo wazee waliizungumzia miaka mingi baadaye. Wakamba waliiita Ngomanisye, njaa iliyofika kila mahali. Mvua zilikosa, ng'ombe walikuwa wamekufa kwa sotoka, na ndui ilikuwa ikizunguka. Nyakati kama hizo watu walirudi kwenye majani na matunda ya porini. Sisemi kwamba majani yaliokoa kila mtu. Watu wengi sana walikufa. Mboga pekee haishibishi, na ukame ukizidi hata magugu hukauka. Lakini aliyejua mimea mingi alikuwa na siku chache zaidi kuliko asiyejua.

Hapa nataka mnisikilize kwa makini, kwa sababu kuna kisa ambacho mimi kama muuguzi hukirudia kila nikipata nafasi. Mwishoni mwa miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilitaka kujua kwa nini wafanyakazi Waafrika walikuwa wadhaifu na wagonjwa. Daktari mkuu wa koloni, John Gilks, pamoja na mtaalamu wa lishe kutoka Scotland, John Boyd Orr, waliwalinganisha Wakikuyu na Wamaasai. Taarifa yao ilichapishwa London mwaka 1931. Walisema mwanamume Mmaasai kwa wastani alimzidi Mkikuyu kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito. Wamaasai walikula maziwa, nyama na damu. Wakikuyu walikula zaidi nafaka, mizizi na maharagwe. Taarifa hiyo ilisifiwa, na Orr mwenyewe akaja kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 1945, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Lakini ndani ya taarifa ile ile mlikuwa na jambo jingine. Wanawake na wasichana wa Kikuyu walikula majani ya kijani ambayo wanaume hawakuyala. Majani hayo yalikuwa na madini mengi, hasa kalsiamu. Kwa maneno mengine, wanawake wasiojua kusoma walikuwa wanajua kitu kuhusu mwili wa mwanamke: kwamba anayebeba mimba, anayenyonyesha na anayepoteza damu kila mwezi anahitaji kitu ambacho ugali peke yake hautoi. Lililozungumzwa sana baadaye lilikuwa maziwa na nyama. Mnamo 1997 mwanahistoria Cynthia Brantley aliichambua upya taarifa ile na kuonyesha kwamba mambo hayakuwa mepesi kama Orr na Gilks walivyoyaandika. Mimi naongeza langu: ukimpima mtu aliyenyang'anywa shamba, kisha ukasema tatizo lake ni kwamba hanywi maziwa, umeacha nusu ya habari nje ya mizani.

Basi mboga zilitokaje chunguni? Siku hizi tunapenda kusema akina mama wamekuwa wavivu. Sikubaliani kabisa. Angalia miaka ilivyokwenda. Kuanzia 1901 kulikuwa na kodi ya nyumba, na wanaume wakaondoka kutafuta vibarua kwenye mashamba ya walowezi na kwenye reli. Kazi yote ya shamba ikabaki kwa mke. Ardhi nzuri ikachukuliwa. Wamishonari na walowezi walileta kabichi na jamii zake, na baadaye sukuma wiki ikaenea kwa sababu nzuri tu: inachumwa kila siku, haina uchungu, inauzika, na jina lake lenyewe linasema kazi yake, kusukuma wiki mpaka mshahara ufike. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1954, Wakikuyu zaidi ya milioni moja walihamishiwa vijijini vilivyozungushiwa mitaro na miiba, na wanawake wakapewa saa chache za kwenda shambani. Mwaka huo huo wa 1954 mpango wa Swynnerton ulianza kuunganisha mashamba na kuhimiza kahawa na chai. Mwaka 1964 mahindi ya kwanza ya mseto yalitoka Kitale. Maafisa wa kilimo walifundisha mistari iliyonyooka na shamba safi lisilo na gugu. Terere, lililokuwa mboga, likawa gugu.

Na juu ya yote hayo, ikaja aibu. Hili ndilo lililoumiza zaidi, nadhani. Mtoto aliyebeba managu shuleni alichekwa. Mgeni akija, mama alificha chungu cha mrenda na kumtuma mtoto akanunue kabichi. Zikaitwa mboga za maskini, mboga za washamba. Kitu kikishaitwa cha maskini, hakuna anayetaka kumfundisha bintiye.

Njaa ya mwaka 1984 ilikuta hali imebadilika. Ukambani waliiita jina lenye maana ya "nakufa nimeshika", yaani pesa ziko mkononi lakini hakuna cha kununua. Jina hilo linatuambia watu walikuwa wameshakuwa wa kununua chakula, si wa kukitafuta.

Kurudi kwa mboga hizi kulianza polepole katika miaka ya 1990. Mwanasayansi mmoja ambaye kila mama anapaswa kumjua ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha Maseno na kisha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Amesimulia hadharani kwamba utotoni mwili wake ulikataa maziwa, mayai na samaki, akalelewa kwa mboga za kienyeji. Alipokuwa mtaalamu wa kilimo akashangaa kwamba mboga zilizomlea zilikuwa zikiitwa magugu vitabuni. Akachunguza mbegu zake, upandaji wake na virutubisho vyake, na mwaka 2010 Umoja wa Afrika ukamtunukia tuzo ya sayansi ya Kwame Nkrumah.

Pia kulikuwa na Ukimwi. Novemba 1999 Rais Moi aliutangaza kuwa janga la kitaifa. Dawa hazikuwa zimefika kwa watu wa kawaida, na wauguzi waliowatembelea wagonjwa nyumbani hawakuwa na mengi ya kutoa ila usafi, faraja na ushauri wa chakula. Mchicha, managu na sagaa vikarudi kwenye sahani kupitia mlango huo wa huzuni. Naomba tuwe wazi hapa: hakuna mboga inayotibu virusi. Anayetumia dawa za ARV asiziache hata siku moja kwa ajili ya majani yoyote.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 supamaketi za Nairobi zikaanza kuuza mboga hizi zikiwa zimefungwa vizuri. Mwaka 2007 ukaanzishwa mradi wa kukusanya na kulinda maarifa ya vyakula vya asili vya Kenya, ukiwashirikisha watoto wa shule na wazee wao, na Desemba 2021 UNESCO ikauingiza katika orodha yake ya mifano bora ya kulinda urithi. Leo ukienda mahali pa nyama choma, wanaume wale wale ambao babu zao hawakugusa majani wanaagiza managu na kulipia. Mbuzi wa nyumbani ndiye aliyepata hasara.

Sasa tuje jikoni, maana historia haijazi tumbo. Gramu 100 za majani mabichi ya mchicha zina takriban miligramu 215 za kalsiamu na miligramu 2.3 za madini ya chuma. Kabichi uzito huo huo ina takriban miligramu 40 za kalsiamu na nusu miligramu ya chuma. Vitamini A katika kabichi karibu haipo. Katika mchicha ni nyingi. Vitamini hiyo hulinda macho ya mtoto na kumsaidia kupambana na surua na kuhara. Majani haya yana pia asidi ya foliki, ambayo mama mjamzito anaihitaji tangu siku za mwanzo kabisa, hata kabla hajajua ana mimba.

Lakini mama mjamzito, usiondoke hapa ukisema muuguzi wa redio amesema uache tembe. Mjamzito anahitaji takriban miligramu 27 za chuma kila siku. Piga hesabu mwenyewe: ungekula zaidi ya kilo moja ya mchicha, na hata hapo mwili huchukua sehemu ndogo tu ya chuma cha majani, ndogo kuliko cha nyama, maini au samaki. Ndiyo maana kliniki inakupa tembe yenye miligramu 60 za chuma pamoja na foliki, umeze kila siku. Mboga na tembe ni jembe na mpini. Ukiona viganja na ndani ya kope vimepauka, unapata kizunguzungu au unahema kwa kazi ndogo, usianze kutafuta majani. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo upimwe damu. Nimeona akina mama waliochelewa kwa sababu jirani aliwaambia wale managu kwanza. Damu ikiwa chini wakati wa kujifungua, kutoka damu kidogo tu kunaweza kumuua mama.

Ili mwili uchukue chuma zaidi kutoka kwenye mboga, weka nyanya ndani, au kamulia limau ukishaepua, au mpe mtoto chungwa au kipande cha papai baada ya chakula. Chai iache kwanza. Ikae saa moja au mbili baada ya kula, kwa sababu chai na kahawa hukamata chuma tumboni. Na yale mafuta niliyoahidi kurudia: vitamini A ya majani haiingii mwilini vizuri bila mafuta kidogo. Nyanya zetu na samli yao, na Wamijikenda na nazi yao, walikuwa wamefika hapo kabla ya mashine za maabara.

Kuna mambo mengine ya zamani ambayo ningependa tuyapunguze. Magadi na munyu hulainisha mboga na kuipa rangi nzuri, lakini huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B, na huongeza chumvi kwa mwenye shinikizo la damu. Tumia kidogo sana au acha. Kuchemsha mara mbili na kumwaga maji huondoa uchungu, na pia huondoa vitamini C na foliki. Afadhali uchanganye mnavu na mchicha au kunde, kisha utie maziwa kidogo. Osha majani kabla ya kuyakata, si baada. Pika kwa maji machache, funika, epua yakilainika. Chungu cha siku tatu ni kitamu, sikatai, lakini kila ukipasha vitamini C inapungua. Mtoto mdogo mpikie yake mbichi ya siku hiyo, usimwekee ya jana iliyolala mezani.

Mtoto asipewe mboga wala kitu kingine kabla ya miezi 6. Ni maziwa ya mama tu. Akifika miezi 6, toa vijiti, pika majani mpaka yalainike, yaponde, changanya na viazi au ugali laini na maharagwe yaliyopondwa au omena iliyosagwa, tia kijiko cha mafuta. Anza na vijiko viwili vitatu. Akitema usikasirike. Mnavu ni mchungu hata kwako. Anza na mchicha, mnavu utafuata.

La mwisho, na tafadhali wale mnaowatuma watoto kuchuma mboga mkae karibu na redio. Si kila kinachoota ni cha kula. Matunda ya mnavu yakiwa bado mabichi yana sumu, na watoto hupenda kuyachezea na kuyatia mdomoni. Kuna mmea mwingine, mranaha, wenye maua meupe marefu kama tarumbeta na tunda lenye miiba, unaoota kwenye mashamba yale yale ya mchicha. Ukiwa mchanga, asiyeujua anaweza kuuchuma pamoja na mboga. Aliyeula hukauka kinywa, macho hupanuka, hupayuka maneno yasiyoeleweka. Mkimbize hospitali mara moja, usimpe maziwa wala maji ya chumvi ili atapike, na beba kipande cha mmea huo mkauonyeshe. Usichume kando ya barabara kuu, karibu na mtaro wa maji machafu, jaa la taka, au shamba lililopuliziwa dawa. Jani halioneshi kwa macho lilichonywa.

Na mtoto asitumwe peke yake mpaka aweze kukuonyesha mmea, autaje kwa jina, na akuambie ni upi unaofanana nao usioliwa.

Muda wetu umekwisha. Wiki ijayo tutazungumza juu ya kukausha kunde kivulini, maana jua kali linaua vitamini A. Mwenye ungo na pazia kuukuu safi aviweke tayari.